Zambarau Chini ya Chokaa

Mwanangu, kila nionapo zambarau kwenye vidole vya mtu nakumbuka siku moja ya wiki ya Maulidi, nyumbani kwetu Munje, na moyo huniuma upya. Nakuita mwanangu ingawa u mjukuu wangu, kwa kuwa nimekulea mimi. Leo asubuhi uliponiamkia uliuficha mkono mgongoni. Vidole nilishaviona. Nimeiona pia ile chupa ya rangi ya viatu yenye sponji mdomoni, uliyoificha nyuma ya choo pamoja na spiriti na dawa yangu ya vidonda, ile ya zambarau. Na mimi nilidhani dawa imekwisha kwa kuwa ni mzee na napaka ovyo!

Dawa nitanunua nyingine. Kaa hapa kwanza, nikusimulie.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata nafasi katika chuo cha ualimu. Baba aliniletea sanduku la bati, jekundu, akaliweka sebuleni ambapo kila mgeni lazima alione. "Hilo la mwalimu," alikuwa akisema, nami nikiinama kwa haya na raha. Alikuwa mkulima wa mihogo na minazi, mtu wa maneno machache. Fahari yake ilikuwa mimi, na baada yangu ukuta wa mbele wa nyumba yetu, ambao kila mwaka kabla ya Maulidi aliupaka chokaa kwa mkono wake mwenyewe mpaka ukawa unaumiza macho jua likiuwakia.

Kulikuwa na kijana akiitwa Bakari, fundi wa kuandika majina ya maduka kule Ukunda. Akipita kwetu hunisalimu kwa adabu, nami humwitikia. Hayo ndiyo yote yaliyokuwapo, na wewe usinitazame hivyo. Labda ningekuja kumpenda, sijui. Kumbe yeye alikuwa ameshafika mbali peke yake. Siku hizo alikuwa akihangaika kuchanganya wino wake mwenyewe, kwa ile dawa ya zambarau na spiriti na vitu vingine ambavyo sivitaji, unavijua kunishinda. Siku moja njiani alininyooshea vidole vilivyoiva zambarau, akajisifu kwamba sasa ana wino usiotoka kwa mvua wala kwa sabuni.

Mahali alipoona panafaa kuujaribu ni ule ukuta wa baba. Tuliamka tukakuta herufi kubwa kama za dukani: MWANAKOMBO WANGU WA MILELE. Mwanakombo ndiye mimi. Najua alidhani ananipa zawadi. Nalijua hilo, na bado halinisaidii.

Watu waliyasoma maneno yale wakienda kisimani, wakayasoma tena wakirudi. Baba alijua herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo ilibidi mama amsomee. Mama alisoma kwa sauti ya chini sana, na baba akamwambia arudie. Kisha akanigeukia. "Ni nani huyu, Mwanakombo?"

Nikasema sijui. Nilikuwa najua vizuri sana, lakini msichana akimtaja kijana mbele ya baba yake, ameshajihukumu. Kijana akija mwenyewe na wazee wake, akasema ni mimi na binti yenu hana habari, mambo hutengenezeka na heshima ikabaki. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilikuwa namngoja Bakari aje.

Baba akachanganya chokaa, akapaka. Ikakauka nyeupe, tukashusha pumzi. Kesho yake maneno yakawa yamepanda juu ya chokaa, zambarau hafifu, kila herufi mahali pake. Akapaka tena, yakapanda tena. Sasa hata wasiokuwa na habari wakaja kuutazama ukuta unaokataa chokaa, na wageni wa Maulidi walikuwa njiani. Nilimwona baba amekaa chini kando ya ndoo, brashi mkononi, bila kufanya lolote. Sijawahi kumwona amechoka vile hata baada ya kulima.

Hapo ndipo Bakari alipotokea. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Waona masaibu yangu?"

"Chokaa haitaificha, mzee. Rangi hii hupenya. Hapo dawa ni kubandua lipu yote, upige nyingine."

"Wewe ndiwe fundi, wajua. Basi nisaidie, Mungu atakulipa."

Baba hakuuliza amejuaje. Vidole vya fundi rangi huwa na kila rangi, nani angevishuku? Bakari akachukua tindo na nyundo, akaanza kubandua jina langu. Nilishikilia vyuma vya dirisha, na kila nyundo ilipogonga nilisema moyoni: sasa, sasa atasema. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Baba akamwonea huruma, akavua kitambaa chake na kumpa. "Jifunge usoni, mwanangu. Vumbi la chokaa litakutia upofu."

Alimwita mwanangu. Angesema wakati ule, naamini baba angemsikiliza. Kazi ilipokwisha mama alimletea chai na mahamri. Alikunywa, akalitazama dirisha langu mara moja, akashukuru, akaenda zake. Nilibaki pale dirishani mpaka mama aliponiita nikachote maji.

Chuo sikwenda. Baba aliniambia kwa upole, na upole ule ndio ulionivunja: "Huko ni mbali, mama. Nitakulindaje na mtu usiyetaka kumtaja?" Mwaka ule ule nikaolewa Wasini. Babu yako alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, usije ukadhani nalia kwa sababu yake. Lakini sikuwahi kusimama mbele ya darasa hata siku moja, na lile sanduku jekundu liliishia kuwekewa nguo za watoto. Hata leo nikisikia watoto wa shule wakisoma kwa pamoja, huwa nasimama njiani.

Na ukuta, je? Palipobanduliwa palipigwa saruji, na pale hapakupata kufanana na kwingine. Maneno yalikuwa hayapo, lakini watu waliendelea kunyoosha kidole: ni hapa.

Baba hakuniuliza tena. Nilipokwenda kumtembelea alinipokea vizuri, akanipisha kiti kizuri, akaniulizia safari. Alinifanya mgeni, mwanangu. Yule aliyekuwa akinichekesha hadi natoka machozi akawa ananipa heshima kama mke wa jirani, hivyo hivyo miaka yote, mpaka alipofariki.

Siku tuliyomzika, Bakari alikuja matangani. Mvi tupu, fimbo mkononi. Alingoja watu wapungue.

"Mwanakombo, ni mimi niliyeandika."

"Najua."

"Nisamehe."

Nikamsamehe, na nilimsamehe kweli, kwani mtu mzima akilia mbele yako utafanya nini? Lakini aliyehitaji kuyasikia maneno yale tulikuwa tumetoka kumfukia.

Sasa nisikilize. Jana nilikuwa Ukunda, nikapita nyuma ya posho mill, pale wanaposaga unga. Nimeliona jina la Zuhura pale ukutani kwao, zambarau, na pembeni kopo la chokaa lililoachwa. Baba yake ameshaanza kupaka. Binti yule anasubiri kwenda chuo cha uuguzi, na watu wameshaanza kuuliza anatembea na nani.

Nasaha yangu ni hii. Jina la mtu si lako, usiliandike bila yeye kukuruhusu, hata kwa mapenzi, tena hasa kwa mapenzi. Na ukishaliandika, usiende pale na tindo ukajifanya msaidizi. Mwendee baba yake, umwamkie, umwambie: ni mimi, na binti yako hakujua. Akikufokea, sikiliza. Akikufukuza, rudi kesho na mimi. Ukuta utaubandua baadaye, kwa mikono yako na kwa gharama yako.

Mungu akupe ujasiri ambao Bakari hakuwa nao. Akujaalie mikono yenye kazi ya kheri, akuweke mbali na majuto ya matangani, na yule binti asome mpaka amalize. Amina.

Baba yake Zuhura yuko hai, mwanangu. Mimi buibui nimeshavaa. Vaa viatu twende.