Ufunguo wa Lango la Maji

Itangazwe kwa wakazi wote, wa juu na wa bondeni, wenye paa na wenye turubai, kwamba Halmashauri imekaa, imekunywa chai, imetafakari, na kwa kauli moja imetangaza dharura ya tabianchi. Na ili tabianchi ijue kuwa safari hii hakuna mchezo, mzibua mitaro mkongwe ameteuliwa kuwa Balozi wa Dharura.

Habari zilimkuta Balozi mtaroni, matope magotini. Watu humwita Gambuti, kwa mabuti yake ya mpira. Marehemu dada yake alikuwa akiapa kwamba kaka huyu alizaliwa ameyavaa.

Miaka ishirini na sita amehudumia mitaro ya bondeni na lango lake moja la chuma. Mvua ikizidi, lango likifunguliwa, maji hukimbilia mtoni. Lisipofunguliwa, maji hupanga vyumba vya watu bila kodi. Lina kufuli. Ufunguo hulala kwenye droo ya Mkurugenzi, na kuutoa kunataka fomu yenye sahihi tatu, kwa sababu zamani kuna mjanja alilifungua ili aoshe pikipiki.

Mvua ya mwaka juzi, Gambuti aliingia ofisini saa tatu asubuhi akichuruzika. Sahihi mbili alizipata chapuchapu. Mwenye ya tatu alikuwa kwenye semina. Semina ya mafuriko.

Dada yake akapiga simu kutoka bondeni. "Kaka, mlango haufunguki. Maji yamepita kitanda. Si uvunje hiyo kufuli?"

"Nikivunja, kazi sina. Vumilia kidogo, bosi anakuja."

"Haya, akija mwambie nimeshaota mapezi."

Akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Nyuma ya kicheko Gambuti alisikia ngo, ngo, ngo. Dada alikuwa amepanda mezani, anagonga dari kwa mwiko.

Sahihi ya tatu ilipatikana saa saba.

Tangu siku hiyo mlio huo haujanyamaza. Mchana kweupe, koleo mkononi, ngo, ngo, ngo. Akisaini daftari la mahudhurio, ngo, ngo, ngo. Wakati mwingine humponyoka: "Naja, dada!" Wenzake hutazamana, wakasema mzee fyuzi zimeanza kuungua. Fomu ile bado iko mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, sahihi zote tatu.

Siku ya sherehe, karani alimdaka mlangoni mwa ukumbi. "Gambuti, hebu vua hayo mabuti! Zulia jipya hilo!"

"Umeyaona mawingu lakini, mwanangu?"

"Mawingu hayamo kwenye ratiba, mzee wangu. Pita mbele."

Akapita mbele. Meya alisoma hotuba ya kurasa tisa, akamvika Balozi skafu ya kijani, akamkabidhi cheti. Gambuti alikitazama chini kabisa. Sahihi tatu. Zote za asubuhi hiyohiyo.

Hapo bati la ukumbi likaanza. Ngo. Ngo, ngo. Kwa wengine ilikuwa mvua, wakavuta viti mbali na madirisha. Gambuti aliinua uso darini, midomo ikamcheza.

Meya akamsogezea kipaza sauti. "Balozi wetu, usione haya! Waambie wananchi: katika dharura hii nzito, sisi Halmashauri tufanye nini?"

"Nipeni ufunguo."