Sheria ya Pande Zote Mbili

Kuna watu ambao usingizi hauwajii wakijua kuna kitu ndani ya nyumba kimekaa bure. Fundi Meno alikuwa mmoja wao. Mwavuli ukining'inia wiki tatu bila mvua, aliutafutia kazi ya kufunika ndoo. Saa ya ukutani iliyokufa ilitumika kama sahani ya skrubu. Kazini kwake, katika chumba chembamba nyuma ya kliniki ya meno, alichonga meno bandia kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba kosa la unene wa unywele hurudi kesho yake likiwa na fizi zilizochubuka na maneno makali. Kwa miaka ishirini na mbili, waliorudi kulalamika wangeenea kwenye benchi moja, na nafasi ya kuweka mikoba ingebaki.

Alikuwa na miaka arobaini na saba, kitambi cha heshima, na starehe moja. Kila Jumamosi alipanda hadi ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia, kucheza gemu za kompyuta na wanaume wenzake kumi na mmoja ambao wote walikuwa na umri wa kuwa wameshaacha michezo. Kila mmoja alikuja na kompyuta yake ya kubebea. Ya Fundi Meno ilikuwa kasha la chuma lenye mpini, ukubwa wa mkate mmoja na nusu, alilolibeba kifuani kama mtoto aliyetoka kuchanjwa.

Kasha hilo, kusema kweli, lilikuwa tupu siku tano za wiki. Kompyuta kubwa ilikuwa nyumbani, pembeni mwa sebule, na ndiyo aliyofanyia kazi mkewe. Kadi ya picha, kile kipande kizito kama tofali kinachochora gemu kwenye kioo, ilikuwa moja tu. Vijiti vya kumbukumbu vilikuwa viwili tu. Ijumaa jioni Fundi alivihamishia kwenye kasha. Jumapili mchana akavirudisha. Kwa sababu hiyo nyumba ilikuwa na sheria: hakinunuliwi kitu kisichoweza kuingia pande zote mbili.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye hakuwahi kupitisha wiki bila kumtania, alisema kompyuta hizo ni kama ndugu wawili wenye suruali moja: mmoja akienda harusini, mwingine anajifungia chumbani. Fundi alimjibu kwamba angalau suruali yenyewe ilikuwa safi.

Mkewe hakucheka wala hakukataa. Alikuwa karani wa makaburi katika halmashauri ya mji, na watu walimwita Mama Makaburi mbele ya uso wake, bila nia mbaya. Barabara mpya ilikuwa inakuja. Ingepita katikati ya makaburi ya zamani, na wote waliolala humo wangehamishiwa ng'ambo ya mji, kila mmoja katika sanduku lake, na jina lake limeandikwa juu. Tatizo lilikuwa hilo jina. Rejesta ya ofisi ilikuwa imeliwa na mchwa kabla hata ya yeye kuajiriwa. Basi kwa miaka sita alitembea kaburi hadi kaburi. Sehemu zenye mawe alizimaliza, akazichapisha, akazikabidhi. Ikabaki sehemu ya mashariki: makaburi mia sita na kumi na mawili yasiyo na jiwe, msalaba wala ubao. Majina yake yalikaa kwenye vichwa vya watu, hasa kichwa cha mchimba kaburi mmoja wa zamani aliyetembea naye mwaka mzima akionyesha kwa fimbo: hapa fulani, hapa mtoto wa fulani, huyu alikufa kwa kifua, huyu aliletwa usiku. Mke wa Fundi alimrekodi kwa simu, akayaingiza maneno kwenye kompyuta, akafuta sauti kwenye simu ili ipate nafasi ya kesho. Ardhini alipigilia vigingi vyenye namba, moja hadi mia sita na kumi na mbili. Mwezi wa kwanza wa mwaka huo mchimba kaburi naye akafa. Alizikwa kwenye makaburi mapya, mahali ambapo hakumjua mtu.

Orodha ilikuwa imekamilika, ikingoja kuchapishwa. Jumatatu saa nne asubuhi ilitakiwa iwe mezani kwa mkuu wa idara, kwa sababu saa nne na nusu tingatinga zingeanza.

Kwa hiyo mkewe alikuwa na sharti moja tu, na alilitamka siku ile kuhamahama kulipoanza. "Kadi chukua, feni chukua, ukitaka chukua na kiti," alimwambia. "Diski zangu hazitoki ndani ya nyumba hii."

Fundi aliliheshimu sharti hilo kuliko lilivyoombwa. Aliongeza diski ya pili ndani ya kompyuta kubwa ili kila jina lihifadhiwe mara mbili, akamhakikishia kwamba ikifa moja, nyingine itabaki kuilia. Alifurahia sana usemi huo. Diski zote mbili alizipa umeme kwa waya mmoja, maana waya ulikuwa na vichwa vinne, na vichwa vitatu kukaa bure ingekuwa dhambi.

Ijumaa hiyo alitoka kazini saa nane. Kesho yake kulikuwa na mashindano dhidi ya wanaume wa upande wa pili wa mji, watu wa majivuno, na kasha lake lilikuwa na ugonjwa. Wiki iliyopita lilizimika katikati ya mchezo, mara mbili, na wenzake walimwambia mambo ambayo mtu hamwambii fundi wa meno anayetarajia kumhitaji uzeeni. Kosa lilikuwa la pawasaplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Ya kasha ilikuwa dhaifu. Ya kompyuta kubwa ilikuwa na nguvu, na ilikuwa imelala, kwa sababu mkewe alihitaji maandishi tu kwenye kioo, na maandishi hayali umeme. Sheria ya nyumba ilikuwa imelitarajia jambo hili: pawasaplai zote mbili zilikuwa za umbo moja, ziliweza kuingia pande zote mbili. Angebadilisha tu.

Mkewe alikuwa makaburini na watu wa barabara, akihesabu vigingi kwa mara ya mwisho. Nyumba ilikuwa kimya. Fundi alifungua kompyuta kubwa, akachomoa nyaya kutoka kwenye pawasaplai, akaitoa. Nyaya zenyewe akaziacha mahali pake. Alikuwa amezisuka na kuzifunga mwaka jana kwa siku nzima, zikapita nyuma ya bati zikiwa zimenyooka kama nywele za bibi harusi. Kuzifumua ingekuwa ukatili. Aliichukua pawasaplai ya kasha, akaitia, akatazama plagi. Matundu sita upande huu, pini sita upande ule. Akasukuma. Zikaingia na kutoa ule mlio mdogo ambao mafundi wa kila aina huupenda kuliko sifa.

Sasa, jambo lenyewe ni hili. Upande wa diski, viwanda vyote vya dunia vimekubaliana waya upi ubebe nini. Upande wa pawasaplai hakuna aliyekubaliana na mtu. Kila kiwanda hujipangia kama kila mwenye nyumba anavyojipangia vyombo jikoni, na wawili wanaweza kutumia plagi ileile kwa mipango tofauti kabisa. Pale zinapotakiwa volti tano, zinaweza kuja kumi na mbili. Haya yote yameandikwa, kwa herufi nene, kwenye kijitabu ambacho husomwa tu na watu ambao tayari wameharibu.

Na Fundi hakuwa mjinga wa jambo la namna hii. Mwaka mmoja nyuma mjane alimletea meno ya marehemu mumewe, akataka kuyavaa yeye, kwa kuwa yalikuwa karibu mapya na yalimwingia. Fundi alimkatalia kwa upole. Kuingia, alimwambia, si kukaa. Alimweleza kwa nusu saa nzima, na mjane akamshukuru.

Akabonyeza kitufe.

Hakukuwa na mshindo. Feni ilizunguka nusu, ikasita kama mtu aliyeitwa, ikasimama. Ikaja harufu ndogo, kama kifungo cha shati kilichoguswa na pasi. Fundi akafanya kile ambacho kila mtu hufanya wakati huo na kila mtu hukana baadaye: akabonyeza tena.

Alirudisha pawasaplai ya zamani mahali pake. Kompyuta ikawaka vizuri kabisa, ikiwa na afya, na kwa maandishi meupe ya adabu ikauliza diski ziko wapi.

Alizifunga kwenye kitambaa akaenda nazo juu ya duka la mapazia. Mmoja wa wachezaji, aliyeitwa Daktari kwa sababu kazi yake ilikuwa kufufua kompyuta za watu, alikuwa anapanga meza za kesho. Daktari alizinusa kwanza, kisha ndipo akazifungua, na huo haukuwa utaratibu mzuri kuutazama.

"Zote mbili kwenye waya mmoja?"

"Mmoja."

"Ukabadilisha pawasaplai ukaacha nyaya." Hakuuliza, alikuwa anasoma tu. Aligeuza kibao cha diski ya kwanza, akaonyesha doa jeusi lisilozidi punje ya mtama. Kwenye ya pili lilikuwa palepale. "Hizi nimeshaziona nyingi, kaka. Hata ukizipeleka kokote, watakachokurudishia ni barua ya pole. Kulikuwa na nini humu?"

"Watu mia sita na kumi na wawili."

Daktari alicheka, akidhani ameambiwa la mchezo. Kisha akamtazama usoni, akaacha.

Njiani kurudi Fundi alitengeneza uongo mzuri. Umeme wa mtaa ulipanda ghafla, taa za jirani zikapasuka. Ulikuwa uongo unaokaa vizuri, usio na kona ya kuchubua, na aliukagua pande zote kama alivyokagua kazi yake. Alipofika, mkewe alikuwa tayari ndani, viatu vyenye vumbi jekundu vikiwa mlangoni, amesimama mbele ya kompyuta iliyokuwa bado inauliza swali lake. Alikuwa amekwisha kuinusa sebule. Fundi akafungua kinywa, na uongo wote ukabaki huko ulikokuwa. Akasema lilivyokuwa, kuanzia mashindano.

Siku zote mkewe alimwita mwenzangu. Siku hiyo alimwita kwa kazi yake, kama mteja.

"Fundi," alisema, "diski zilitoka ndani ya nyumba?"

"Hazikutoka. Yaani, baadaye ndiyo, baada ya kuungua."

"Basi sharti ulilitimiza."

Alimpigia simu mkuu wa idara, akatoka kuongea uani. Fundi alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, nao ulikuwa mfupi. Mkuu, ikaja kujulikana, alikuwa amesikitika sana. Alikuwa na sauti ya kusikitikia. Lakini mkandarasi alishaleta mitambo, na mitambo haingojei. Fomu itakayofika Jumatatu ndiyo itakayofuatwa. Kila kigingi kiandikwe kitu. Mstari mtupu haukubaliki.

Jumamosi asubuhi, wanaume kumi na mmoja walipokuwa wakimngoja wa kumi na mbili juu ya duka la mapazia, Fundi alikuwa ameshika ubao wenye fomu katika sehemu ya mashariki. Tingatinga mbili zilikuwa zimeegeshwa nje ya ua, na mlinzi wake alikuwa amelala kivulini mwa moja. Vigingi vilisimama kwa safu, vimepakwa chokaa, kila kimoja na namba yake iliyo wazi kabisa. Kazi ya mkewe ilikuwa safi. Ardhi ilijua idadi yake. Majina tu ndiyo yaliyokosekana.

Mkewe alikuwa amempa kalamu bila kumtazama. "Mimi nitatembea," alisema. "Nikikumbuka, nitasema jina. Nikinyamaza, utaandika hajulikani. Uandike wewe, kwa mkono wako, neno zima. Usiweke alama za kurudia."

Akaanza. Mwanzoni majina yalikuja mengi, akiyasema huku anatembea, na Fundi akapata tumaini la kijinga kwamba kichwa cha mke huyu kilikuwa diski ya tatu. Kufikia kigingi cha hamsini alikuwa amenyamaza mara tatu tu. Kufikia cha mia, mara ishirini na nne. Baadaye alianza kusimama muda mrefu, amefumba macho, midomo ikicheza, akiitafuta sauti ya mchimba kaburi na kupata kikohozi chake tu. Mara nyingine alikumbuka alikufaje lakini si nani. Aliyeletwa usiku. Wa kifua. Fundi aliuliza kwa sauti ndogo kama aandike hilo, na akajibiwa kwamba fomu haina nafasi ya kifua.

Mkono ulimuuma. Neno lilikuwa refu, na alipoliandika mara ya sitini lilianza kuonekana kama jina la ukoo, wa watu wengi waliozaana sana. Simu yake ilitetemeka mfukoni, wenzake. Akaiacha itetemeke.

Kwenye kigingi cha mia mbili na tisa mkewe alisimama kuliko kote. Kilikuwa kifupi kati ya viwili virefu, mahali pa mtoto. Aliinama, akakishika kichwa, akakiacha.

"Huyu," alisema, "juzi nilikuwa namjua."

Fundi alingoja, kalamu imegusa karatasi, hadi wino ukaanza kutengeneza doa. Mkewe akahamia cha mia mbili na kumi. Naye akaandika.