Supu ya Jumatatu

Gertruda Kandzia alijifunza kunyonga njiwa wiki ya pili baada ya harusi yake, na mwalimu wake alikuwa mama mkwe. Alionyeshwa jinsi ya kumbana ndege chini ya kwapa ili mabawa yasipige, kuweka vidole viwili nyuma ya kichwa, kisha kuvuta na kupinda kwa mkupuo mmoja. Mara ya kwanza mkono wake ulilegea, ndege akabaki hai na shingo inaning'inia. Mama mkwe alimzaba kofi la kisogoni mbele ya majirani, akamwambia asirudie tena, kwa kuwa katika nyumba ile mwanamke anayepokea habari ndiye anayeimaliza.

Siku hizi ukisimulia mambo haya watu wanakutazama kama mgonjwa. Lakini hapa Rudawice, mji wa makaa ya mawe kusini mwa Poland, kila nyumba ya matofali mekundu ilikuwa na banda la njiwa darini, na kila mwenye banda alikuwa mtu wa Karbon. Karbon ilikuwa timu ya mgodi, na mgodi ndio uliokuwa mji. Timu ilipokwenda kucheza ugenini, wanaume walipanda treni na vikapu vya njiwa mapajani. Filimbi ya mwisho ikilia walimfunga ndege uzi mguuni: mwekundu kwa ushindi, mweupe kwa sare, mweusi kwa kufungwa. Ndege alifika nyumbani wakati wanaume bado wanatafuta viti kwenye treni. Mke aliyekuwa akisubiri darini aliushika mguu, akautazama uzi, akateremka ngazi mbio mpaka lango la mgodi. Hapo walisimama wachimbaji wa zamu ya jioni, taa zao kofiani, nao hawakuingia kwenye lifti ya shimo kabla hawajaambiwa.

Ndege aliyeleta uzi mwekundu alipewa mbaazi na mbegu za katani. Aliyeleta uzi mweusi alikuwa supu ya Jumatatu. Desturi hiyo aliianzisha baba mkwe wa Gertruda, babake mumewe Alfons, na mtaa mzima ukaifuata. Hakuna aliyeuliza ndege ana kosa gani. Mgodini nako dari ilipoporomoka hakuna aliyeuliza yule wa chini yake alikuwa na kosa gani.

Kisha ikaja miaka ya ubingwa. Karbon ilichukua kombe, ikalitetea, ikalichukua tena, mpaka magazeti ya Warszawa yakachoka kutuandika. Wachezaji waliandikishwa kama wachimbaji na kupewa makaa ya mawe ya msimu wa baridi kama sisi, ingawa shimoni walishuka mara moja kwa mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji, mpiga picha akawapaka masizi usoni. Hatukuwaonea kijicho. Mshambuliaji wa kati aliishi mlango wa tatu kutoka kwa akina Kandzia, na akikosa bao Jumamosi alisikia habari zake Jumapili kwenye foleni ya mkate. Gertruda mwenyewe alimwambia mara moja, mbele ya watu, kwamba mguu wake wa kushoto ungefaa zaidi kukanyagia kabichi. Yule bwana akainamisha kichwa, akasema, "Ni kweli, mama." Nani atamwambia mchezaji leo? Wanakaa hotelini, na wakishuka kwenye basi masikio yao yamezibwa.

Miaka ile supu ilikuwa adimu na banda la Alfons lilijaa mpaka ndege wakalala kwenye kamba za nguo. Na Gertruda alikuwa na lango lake. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti nene. Alisimama juu ya jiwe, akainua mkono, wachimbaji wote wakavua kofia, naye akasema, "Karbon imeshinda." Hakuongeza neno. Wengine waliwahi kuongeza idadi ya mabao na majina, lakini yeye aliwaacha wanaume washuke gizani na maneno yale mawili tu. Maishani mwake hakuna kitu kingine ambacho watu walimvulia kofia. Alizaa mtoto mmoja, Norbert, naye alihamia Ujerumani mara tu alipopata mwanya, akawa anapiga simu Krismasi.

Ubingwa ulipokwisha, ulikwisha kabisa. Karbon ilishuka daraja, ikapanda, ikashuka tena, na kila ilipofungwa ugenini sufuria ilikaa motoni. Watu walikula mabanda yao. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kujifanya wamesahau: huyu alisema televisheni inatosha, yule alianza kuwafunga ndege wake uzi mweupe kila wiki. Alfons aliwadharau. Alisema timu isiyokugharimu kitu si timu yako, ni tangazo tu. Mgodi ukafungwa, mnara wa shimo ukaangushwa, na pale palipokuwa na lango pakajengwa duka kubwa lenye uwanja wa magari. Halafu akaja tajiri kutoka mbali, akainunua Karbon, akaivua jezi yake nyeusi na buluu na kuivisha rangi ya machungwa, kwa sababu ndiyo rangi ya makopo anayouza. Watu walipiga makofi. Mimi sijui ni watu gani wanaoweza kumpigia makofi mtu anayebadilisha nguo za marehemu wao.

Mwishowe banda la Alfons lilibakiwa na ndege mmoja, jike la kijivu, wa ukoo wa yule aliyeleta habari ya kombe la kwanza. Jike hili lilikuwa na bahati ya sare; msimu mzima lilirudi na uzi mweupe. Kiendacho chunguni hakipewi jina, hiyo ilikuwa sheria ya nyumba, lakini Gertruda alimpa jina kimyakimya. Alimwita Balbina. Alimtafunia mkate akamlisha mdomo kwa mdomo. Alfons alikuwa amelazwa chumbani, mapafu yake yamegeuka jiwe kwa vumbi la makaa, mrija puani na mashine ya hewa inaguruma kando ya kitanda mchana kutwa. Kwa miaka mingi Gertruda alimwosha mwili, akamgeuza, akamsafisha mate meusi, naye hakuwahi kusema ahsante. Maneno laini ya mama huyu yalipanda darini.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu, ugenini, karibu na bahari. Tajiri alishatangaza kwenye televisheni kwamba Karbon ikifungwa ataihamishia timu mji mwingine, jina, makombe na kila kitu. Asubuhi ile Gertruda aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Alfons, huyu tumwache. Siku hizi kuna simu."

"Simu haina mabawa."

"Na wakifungwa?"

"Basi tutakula supu. Umeanza lini kuogopa supu?"

Kikapu kilichukuliwa na Rufin Gmyrek, jirani wa ghorofa ya chini, mtu mnene wa mzaha ambaye bado alikwenda na gari lake kila mechi. Gertruda alimfuata mpaka mlangoni, akamshika mkono wa koti, akamwomba afunge uzi mwekundu hata mambo yakiwaje. Rufin alicheka mpaka akakohoa.

"Shemeji, mimi ni msafirishaji tu," alisema. "Mambo ya kumdanganya mzee ni yako. Wewe ndiye mpishi."

Mchana Gertruda alikaa darini na dirisha wazi. Hakuhitaji televisheni. Kule kwenye uwanja wa magari, mbele ya baa iliyopakana na duka, vijana walikuwa wakitazama mechi kwenye kioo kikubwa, na sauti zao zilimfikia. Alisikia mguno mmoja, baadaye mwingine, kisha wa tatu, halafu chupa zikaanza kupasuka. Alfons hakusikia kitu kwa mashine yake, na hata angesikia, kwake tokeo halikuwa tokeo mpaka ndege afike.

Balbina alitua jua likiwa bado juu ya mapaa. Uzi ulikuwa mweusi. Gertruda aliukata kwa meno, akaumeza. Akachomoa uzi mwekundu kwenye pindo la aproni yake, akaufunga, akateremka na ndege kifuani.

Alfons alipouona aliubusu ule mguu. Alilia, mrija ukamtoka puani, Gertruda akaurudisha. Gertruda akadhani mambo yamekwisha. Lakini mzee alimshika mkono kwa nguvu ambazo alikuwa hajazionyesha tangu majira ya baridi, akamwambia aende langoni.

"Langoni pana duka, Alfons. Na watu wanajua tayari."

"Wamesikia kwenye simu. Hawajaambiwa." Akaagiza asogezwe dirishani, kwa sababu toka pale palionekana vizuri. "Nenda, Trudi. Nataka nikuone."

Angeweza kukataa. Angeweza kuteremka ngazi, akasubiri kwenye korido, akarudi. Lakini dirisha lilikuwa linatazama kule kule, naye alikuwa ameshaanza kununua uhai wa ndege kwa uongo, hakujua bei inaishia wapi. Alivaa kitambaa chake kizuri, akavuka barabara, akasimama karibu na vitoroli vya duka, takriban pale lilipokuwa jiwe. Vijana walikuwa wamejaa, wengine na jezi za machungwa, wengine na skafu kuukuu za baba zao, macho mekundu kwa bia na kilio. Aliinua mkono. Hakuna aliyevua kofia.

"Karbon imeshinda," alisema.

Wa karibu waligeuka kumtazama. Kijana mmoja aliyenyoa upara akamsogelea.

"Hebu rudia, bibi."

"Karbon imeshinda."

"Imeshinda wapi, bibi, jikoni kwako? Wamechukua timu yetu leo, unakuja kutucheka?"

Alijaribu kumweleza kwa sauti ya chini kwamba mumewe ni mgonjwa, yuko dirishani, anatazama. Hilo ndilo lililowachangamsha. Wakageuka kulitafuta dirisha, wakalipungia mikono, wakatoa simu zao kumpiga picha. Wakamwambia kama imeshinda basi aimbe wimbo wa timu, na asipande kurudi mpaka amalize. Gertruda akaimba, na sauti yake ile nene ilikuwa imekwisha kuwa ya kukwaruza. Kwenye ubeti wa pili mmoja alimmwagia bia kitambaani, ya povu, taratibu, kama mtu anayembatiza mtoto. Palikuwa na wanawake wa rika lake wakitoka dukani na mifuko, wanawake waliowahi kukimbia ngazi kama yeye. Waliharakisha kwenda majumbani.

Aliporudi, Alfons alikuwa bado dirishani.

"Uzi ulikuwa rangi gani?"

Maji ya bia yalikuwa yakimtiririka shingoni. "Mweusi," alisema.

"Maisha yangu yote nimekuamini wewe kuliko redio."

"Nilitaka mtu abaki hai humu ndani."

"Nani? Mimi?"

Alichelewa kujibu. Haukuwa muda mrefu, lakini walikuwa wameishi pamoja mno kwa mzee kutouelewa.

"Jumatatu," alisema Alfons, akaomba arudishwe kitandani.

Jumapili, badala ya kwenda kanisani, Gertruda alimtia Balbina kikapuni akapanda treni mpaka misitu ya mpakani. Alimrusha juu, akapiga kelele, akamtupia matunda makavu ya misonobari ili aogope. Ndege alizunguka mara kadhaa, akashika njia. Ndivyo walivyozaliwa hawa. Hawajui kukimbilia popote isipokuwa kwao. Gertruda alipofika nyumbani alimkuta juu ya kizingiti cha dirisha la dari, anajichambua manyoya. Alimfukuza kwa ufagio. Ndege aliruka mpaka paa la jirani, akarudi. Akampiga hasa, unyoya mmoja ukadondoka. Akarudi tena, akimtazama mdomoni, akisubiri mkate.

Chini Alfons alisikia vishindo.

"Amerudi, eh?" alimwambia mkewe alipomletea dawa. "Afadhali yeye. Wachezaji wetu hata njia ya kwao hawaijui."

Gertruda alimwomba mara ya mwisho. Hakupiga magoti, maana magoti yake yalishakataa siku nyingi, alisimama tu na kijiko mkononi. Alimwambia kwamba timu haipo tena, hakuna Karbon, kwa hiyo hakuna deni la Karbon. Alfons alimsikiliza mpaka mwisho. Akajibu kwamba ndiyo maana. Akasema wote wengine walidanganya, walificha ndege wao, waliwafunga uzi mweupe, na tazama mji ulivyo. Yeye atakufa akiwa ndiye mtu mmoja aliyelipa mpaka mwisho. Halafu akafumba macho, na uso wake ulikuwa na raha ambayo mkewe hakuwahi kumpa.

Jumatatu asubuhi lori la tajiri lilisimama mbele ya klabu, na makombe yakapakiwa yamefungwa mablanketi kama vyungu vya watu wanaohama. Hakuna aliyekwenda kulizuia. Rufin Gmyrek alitazama akiwa amevaa kandambili, akatoa mzaha fulani, hakuna aliyecheka.

Gertruda alikuwa darini. Balbina alimjia mwenyewe. Alimbana chini ya kwapa, akaweka vidole viwili nyuma ya kichwa, na safari hii mkono haukulegea. Akamchovya katika maji ya moto, akamnyonyoa, akamtumbua. Akasukuma unga wa tambi, akazikata nyembamba kama alivyofundishwa. Supu iliiva polepole, na harufu yake ilishuka ngazi mpaka barabarani, kwa mara ya mwisho katika mtaa ule, ingawa waliopita hawakujua wananusa nini.

Alimkalisha Alfons, akamwekea mto mgongoni na bakuli mapajani. Mzee alivuta hewa, akanywa kijiko kimoja, akaachama kidogo, akanywa cha pili. Akautoa mfupa mwembamba mdomoni, akauweka ukingoni mwa bakuli.

"Haina chumvi," alisema.

Gertruda akaenda kuileta.