Kosa Langu Lilikuwa Kuosha Matope

Maji yaliingia nyumbani kwetu Kasikeu alfajiri, mto wa nyuma ya shamba ulipovunja kingo. Yalipopungua yaliacha matope hadi magotini, na ukuta wa jikoni ulikuwa umeanguka. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, alikuwa amepooza upande mmoja. Tulimkuta kitandani anatetemeka, godoro limelowa chapachapa.

Mume wangu akapigia simu kampuni ya bima. "Mkaguzi atakuja," wakasema. Siku ya tatu hakuna mtu. Nikachukua koleo na ndoo, nikaosha chumba cha Mwaitu, kisha nyumba nzima.

Mkaguzi alifika wiki ya pili. Akatazama sakafu safi, akaandika, akaondoka. Barua ikaja: hakuna ushahidi wa mafuriko, ukuta ulijengwa vibaya.

Tulishtaki pamoja na jirani yetu, mwalimu mstaafu. Yeye kampuni ilimwambia kwamba maji ya mto hayamo kwenye mkataba wake. Kesi iliahirishwa mara nyingi. Miezi hiyo yote, kwa kuwa nyumba isiyo na ukuta haikukalika, tulilala kwenye chumba cha watoto kanisani, Mwaitu kwenye mkeka, akiniuliza nyumba itatengenezwa lini.

Siku ya ushahidi wangu, wakili wa kampuni aliniuliza, "Nani alikuruhusu kuosha?"

"Hakuna."

"Ulisoma masharti ya bima?"

"Nilitia sahihi tu."

"Kwa hiyo uliharibu ushahidi."

"Bwana, mgonjwa wangu alikuwa analala kwenye matope. Mama yako ungemwacha hapo?"

Hakimu akaniambia nijibu, nisiulize.

Mwalimu alishinda: hakimu alisema mkataba wake unataja mafuriko, hata ya mto. Mafuriko yalimkuta akiwa kwa dada yake huko Tulia na hakurudi upesi, kwa hiyo mkaguzi alikuta matope yamekaukia kwenye viti vyake. Kesi yetu ilitupwa. Nje ya mahakama mwalimu alinishika mikono, akalia kuliko mimi.

"Nisamehe, Mama."

"Mwalimu, hujanikosea chochote."

Wakili wetu alitaja rufaa. Mume wangu alitikisa kichwa tu, hakuwa na nguvu ya kuanza tena.

Jioni Mwaitu aliuliza, "Wamesemaje?"

Nikamwambia hakimu bado anafikiria. Tulirudi kwenye nyumba ile ile, jikoni tukaziba kwa mabati. Siku hizi mawingu yakijikusanya, mume wangu hulala na viatu miguuni.