Sauti Aliyotumiwa Mwalimu Spika

Wanafunzi walimwita Mwalimu Spika, na yeye alijua, wala hakukasirika. Angekasirikaje? Kila asubuhi alionekana akikatiza uwanja wa shule, begi la kompyuta begani, projekta kaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, spika nyeusi ikining'inia mkononi kwa mkanda wake. Kabla hajafika mlangoni, watoto wawili wa mbele walikuwa wameshavuta mapazia na wa tatu kashachomeka waya. Kwenye kipindi chake hakukuwa na masihara.

Si kwamba alizaliwa navyo vifaa hivyo. Miaka ishirini ya mwanzo alifundisha kwa chaki na koo. Ikifika Ijumaa sauti imekwisha kabisa, nyumbani anaongea kwa mikono, na mume wake, fundi bomba mwenye utani usioisha, akawa anasema Ijumaa ndiyo siku yake ya mapumziko. Projekta ilipoletwa shuleni ilikaa mwaka mzima kabatini kwa mwalimu mkuu, imefungiwa kwa kufuli, kila mtu anaiogopa isije ikaharibikia mikononi mwake. Yeye akapiga moyo konde, akaiomba, akaenda nayo nyumbani. Jumamosi nzima yeye na mumewe walihangaika na waya sebuleni, mpaka picha ya tembo ikatokea ukutani, miguu juu kichwa chini. Walicheka mpaka wakakaa sakafuni.

Mwanzoni alitia chumvi kupita kiasi. Kila herufi iliingia ikibingirika, kila picha ikaja na mlio wa kengele. Watoto wakawa wanahesabu mibingirio, somo lenyewe hawana habari nalo. Taratibu akajifunza: slaidi moja, jambo moja, maandishi makubwa, na sauti pale tu inapohitajika. Walimu vijana wakaanza kumfuata awaelekeze. Kichwa kikamvimba kidogo, tuseme ukweli. Na wewe ungekuwa yeye kingekuvimba.

Lakini alichokipenda kuliko vyote ni kazi ya kusoma kwa sauti. Kila Jumatatu aliwapa darasa la sita kifungu kimoja. Mtoto anakwenda nacho nyumbani, anakisoma, anajirekodi kwa simu ya mzazi, kisha Alhamisi rekodi inatumwa kwa mwalimu. Jioni yake, huku anakatakata vitunguu, Mwalimu Spika anawasikiliza mmoja mmoja. Kila nyumba aliijua kwa vishindo vyake. Kwa huyu kuna redio haizimwi, kwa yule kuna kitoto kinalia, kwa mwingine kuna bibi anayemsahihisha mjukuu kwa nguvu kuliko mwalimu mwenyewe. Mara moja alitumiwa sauti nzito, ya mtu anayehitaji kunyoa ndevu, ikijitia kuwa ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Alimwita mtoto yule na kumwambia, "Mwambie baba amesoma vizuri, ila wiki ijayo nakutaka wewe." Darasa zima lilivunjika mbavu. Tangu siku hiyo akawa na jicho, akijua kuna wanaosomewa.

Sasa katika darasa hilo alikuwamo binti wa fundi cherehani. Mtoto mpole, mwandiko umenyooka, kazi zake safi. Tatizo lake moja: kigugumizi. Si kile cha kujikwaa neno moja na kuendelea. Hiki kilimkaba. Akiitwa, husimama, mdomo hujifunga kwenye herufi ya kwanza, shingo ikakakamaa, na darasa zima likabaki linamwangalia. Mwalimu Spika, kwa kumwonea huruma, aliacha kumwita. Mwaka na nusu binti yule hakuulizwa swali mbele ya watu. Na rekodi alikuwa hatumi, akaruhusiwa kuandika.

Alhamisi moja, kifungu kilikuwa kuhusu nyuki. Mwalimu yuko jikoni, simu iko juu ya rafu, rekodi zinafuatana. Mara ikaingia sauti asiyoijua. Ndogo, safi, haina haraka. Penye nukta inapumzika, penye swali inapanda kidogo, na palipoandikwa kwamba nyuki akishauma naye hufa, ile sauti ikashuka kama inampa mtu pole. Mwalimu akaacha kisu. Akatazama jina. Binti wa fundi!

"Baba watoto! Hebu njoo umsikilize huyu!"

Mume akaja na taulo shingoni, akasikiliza mpaka mwisho. "Huyu mtangazaji kabisa," akasema. "Ndiye yule asiyeongea?"

"Ndiye huyo huyo."

"Basi hapo umefanya kazi, mama."

Mwalimu Spika alifuta machozi, akasingizia vitunguu. Akairudia rekodi mara tatu. Furaha ilimjaa hadi ikakosa pa kukaa, na hapo ndipo alipokosea, maana hakumwuliza mtoto wala mama yake. Alifungua kompyuta akatengeneza slaidi: maneno ya kifungu kwa herufi kubwa, picha ya nyuki juu ya ua, na ile sauti chini yake. Yeye aliona anatengeneza zawadi.

Asubuhi, mapazia yakavutwa. Maneno yakatokea ukutani, spika ikaanza kusoma. Darasa likatulia tuli. Ilipokwisha, mwalimu akauliza, "Nani huyu?" Wakabahatisha, wakataja wasomaji hodari wote, mwalimu anatikisa kichwa tu, anatabasamu. Mwisho akalitaja jina.

Halafu makofi, makofi ya kweli, wengine wakapiga na madawati. Binti akainamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia daftari. Mwalimu akadhani ni haya. Wangapi huona haya wakisifiwa? Angeishia hapo tu, jamani! Lakini alikuwa hashikiki.

"Njoo mbele, mwanangu. Sentensi moja tu. Wakuone."

Binti alimtazama. Yale macho Mwalimu Spika anayakumbuka hadi leo, na siku ile aliyaona vizuri kabisa, ila hakutaka kuyasoma. Mtoto akaja. Akasimama pale mwanga wa projekta unapopita, nusu ya sentensi ukutani, nusu juu ya sare yake. Akafungua mdomo, mdomo ukajifunga.

"Usiogope," mwalimu akasema. "Taratibu. Vuta pumzi. Hakuna haraka." Na kila alichosema kilimzidishia mtoto mzigo. Dakika ikapita. Viti vikaanza kulia. Ndipo yule kijana wa nyuma waliyemwita Mdomo, ambaye ulimi humwasha asiposema, akaropoka: "Mwalimu, ile si sauti yake! Kasomewa huyo!"

Kicheko kikalipuka. Na Mwalimu Spika, aliyelia jikoni kwa furaha jana yake tu, akaingiwa na shaka. Akakumbuka ile sauti ya ndevu. Akamtazama mtoto huyu asiyeweza kutoa hata silabi, akailinganisha na ile sauti nzuri, hesabu ikakataa. Akauliza, tena kwa upole, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua:

"Sema ukweli tu, mwanangu, sitakupiga wala sitakugombeza. Nani alikusomea?"

Jibu lilikuwa neno moja. Mimi. Midomo ya mtoto ilijibana kwenye herufi ile ya kwanza, ikatetemeka, ikageuka rangi. Mwalimu alingoja, na ule ukimya akauhesabu kuwa ni kukiri.

"Haya, kaa. Tutaongea baadaye." Akabonyeza kitufe, ikaja slaidi ya vitenzi.

Hawakuongea baadaye. Kengele ya mchana ilipolia binti alikuwa ameshaondoka, na Jumatatu hakuja. Jumanne akaja mama yake, fundi mwenyewe, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, vipande vya uzi vimeng'ang'ania gauni. Walimu waliokuwamo ofisini walijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Alisalimia, akavuta kiti, akaweka simu mezani.

"Mwalimu, wenzake wameniambia umemwuliza mwanangu nani alimsomea. Naomba usikilize."

Zilikuwa rekodi thelathini na moja. Ya kwanza haina neno, ni pumzi tu na ile herufi inayogonga. Ya tano inafika neno la tatu. Kwenye ya tisa kuna kishindo, kapiga meza kwa ngumi. Kwenye ya kumi na nne analia, halafu anapenga kamasi, halafu anaanza upya. Ya ishirini na mbili inakaribia mwisho kabisa, inakwama kwenye mstari mmoja uliobaki. Ya thelathini na moja ndiyo ile aliyotumiwa.

"Siku nne," mama akasema. "Kila akianza nasimamisha cherehani asisumbuke. Kwa hiyo kazi yako ya kujirekodi, mwalimu, mtoto alikuwa ameanza kufunguka. Ukikwama hakuna anayekuangalia, unafuta, unarudia. Alianza hata kuwasalimia wateja wangu. Sasa tangu Ijumaa hata mimi hanisemeshi."

Mwalimu Spika aliisogeza simu polepole kwa mwenyewe. Aliona aibu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke. Akamshika mama yule mikono yote miwili. "Nisamehe, mwenzangu. Nitalirekebisha. Naomba unitumie hizo rekodi, nizisikilize vizuri nyumbani." Mama akamtumia, kwa moyo mmoja.

Usiku ule hakula. Kesho yake aliamka na wazo, na kwa mara nyingine wazo lenyewe lilitoka kwenye moyo mwema. Kosa alilifanya mbele ya darasa, basi atalifuta mbele ya darasa. Akaingia, mapazia yakavutwa, dawati la binti bado tupu, akasimama mbele ya wanafunzi na kusema waziwazi: "Mimi mwalimu wenu nimemdhulumu mwenzenu. Ile sauti ni yake. Sikilizeni." Akaiunganisha simu na spika. Akawawekea ya kwanza. Akawawekea ya tisa. Akawawekea ile ya kumi na nne, yenye kilio.

Hakuna aliyecheka. Wasichana wawili walilia. Mdomo alifuta macho kwa kola ya shati, akasema atamwomba radhi mwenyewe, tena mbele ya wote. Mwalimu Spika akapumua kwa mara ya kwanza tangu jana. Mchana, kipindi kilipokwisha, hakungoja hata chai. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi.

Chumba cha kushonea kilikuwa kidogo, nguo za wateja zimetundikwa ukuta mzima. Binti alikuwa kwenye kigoda anafumua mshono wa sketi kwa wembe. Akasimama kumwamkia kwa kichwa, akaketi tena. Mwalimu akapiga magoti sakafuni, mtu mzima yule, ili macho yao yawe sawa.

"Mwanangu, nimekukosea. Sikutakiwa kukuuliza lile swali. Nisamehe. Lakini nimeshalirekebisha, usiwe na wasiwasi wa kurudi. Leo nimewawekea darasa zima rekodi zako. Wamesikia jinsi ulivyohangaika, jinsi ulivyorudia rudia. Mdomo mwenyewe amelia! Hakuna atakayekucheka tena. Wote sasa wanajua ni wewe."

Mama aliyekuwa kwenye cherehani akageuka taratibu. "Umewawekea?" akauliza. "Zile nilizokutumia?"

Binti aliweka wembe chini. Akafungua mdomo. Ilichukua muda mrefu mno. Shingo ilikakamaa, mguu mmoja ukawa unapiga sakafu kutafuta mwendo. Mwalimu alitaka kumsaidia, neno lolote, la kumrahisishia, na fundi akamnyooshea kiganja anyamaze. Akanyamaza. Alingoja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyomngoja mtoto yule bila kuhesabu.

"Ni... nili... nilikusomea wewe, mwalimu," binti akasema. "Wewe tu."

Akaokota wembe, akaendelea na mshono.

Mwalimu Spika alibaki pale magotini. Alikuwa amekuja kuomba radhi kwa swali, kumbe swali lilikuwa dogo. Mtoto alikuwa ametafuta mtu mmoja wa kumpa sauti yake, akamwona yeye, na yeye akaifungulia mara mbili mbele ya watu, ya pili mbaya kuliko ya kwanza. Alisema "nisamehe" tena, lakini sasa kwa sauti ndogo, akaondoka.

Binti alirudi shuleni wiki iliyofuata. Hakuwa na kinyongo cha kuonekana. Alisalimia kwa kichwa, aliandika kazi zake kwa mwandiko ule ule ulionyooka, na Mdomo akawa rafiki yake wa kubebeana vitabu. Mwalimu Spika naye hakuacha projekta wala spika, ila siku hizi hawawekei watoto sauti ya mtoto yeyote kabla hajakaa naye pembeni na kumwuliza, na akiambiwa hapana, basi ni hapana. Walimu vijana humwona anazidisha. Wao hawajui.

Darasa lile lilikuwa na watoto thelathini na tisa. Kila Alhamisi jioni, mpaka mwaka ulipokwisha na watoto wakahamia darasa la juu, mwalimu alisimama jikoni akasikiliza rekodi thelathini na nane, halafu akaiacha simu juu ya rafu, haizimi, mpaka chakula kinapoa na mumewe anamwita mara ya pili.