Siku ya Kufukua Makumbi

Mjukuu wangu, andika kama nisemavyo, wala usinipambie. Shule sikuingia, lakini nalijua neno lililotoka kinywani mwangu na lisilotoka.

Maji ya pwani yetu ya Bwejuu yamezingirwa na mwamba, na ndani yake yametulia kama ya ziwa. Leo ni mahali pa wageni kuchezea. Kwetu palikuwa kiwanda. Maji yakipwa, wanawake wa kijiji kizima tulishuka kufukia makumbi ya nazi mchangani, tukayawekea mawe juu yasichukuliwe na bahari, tukayaacha kwa miezi mpaka yaoze. Kisha tuliyafukua, tukayatwanga kwa marungu, tukapata usumba wa kusokotea kamba. Asubuhi nzima pwani ilikuwa ikidunda. Kamba za vitanda na za vyombo zilizouzwa Darajani zilitoka katika viganja vyetu. Siku hizi watu wanataka nailoni, na tunaosokota tumebaki wachache.

Kila mwanamke alikuwa na shimo lake, na langu aliniachia mama. Hati halina, lina desturi. Shimo lenye makumbi haliguswi na mtu. Shimo lililofunikwa na maji likiwa tupu limeachwa, na yeyote aweza kulichukua. Kwa hiyo siku ya kufukua ndiyo siku ya kufukia: unatoa yaliyooza, unaingiza mabichi, kabla bahari haijarudi.

Kijana mmoja wa hapa hapa, ninayemjua tangu akibebwa mgongoni, amepata kazi katika hoteli inayofundisha wageni kuteleza majini huku wakivutwa na tiara kubwa. Mashimo yetu yapo pale pale wanapotaka kurushia tiara zao. Akaanza kunitembelea. Mara ya kwanza alileta sukari, mara ya pili unga wa ngano. Mtu ambaye hata mkono wa Idi alinipa huku akitazama kwengine, sasa anaketi barazani kwangu na kuniulizia afya.

"Unafukua lini, bibi? Nije nikubebee."

"Na wageni wako nani atawabeba?"

Akacheka. "Wageni wana tiara. Wewe una mimi."

"Mimi nina miguu."

"Nitajie siku tu, bibi yangu."

Anayetaka kukusaidia hakuulizi siku kila akija. Nikamwambia Jumatatu, nami nimeazimia Jumapili. Shoga yangu, jirani ambaye tumekua pamoja na shimo lake li ubavuni mwa langu, naye nikamwambia Jumatatu. Mjukuu wake wa kike alikuwa akitafuta kazi katika hoteli ile ile, na neno la nyumba moja halikosi kufika ya pili.

Jumapili nikashuka peke yangu. Kuyatoa makumbi yaliyooza hakukunishinda. Kuyashusha mabichi, pakacha kwa pakacha kutoka uani kwangu, ndiko kulikonilemea. Shimo halijafika hata nusu, maji yakageuka. Yule kijana alikuwa akimfundisha mgeni. Aliponiona akamwacha, akaja.

"Bibi! Si ulisema kesho?"

"Nimesema mengi."

Akalitazama shimo, akayatazama maji. Pakacha lilikuwa miguuni pake; hakuliinua. "Usijitaabishe," akasema kwa sauti laini. "Pumzika. Kesho nitakuja na vijana wangu tukumalizie."

"Bila mawe bahari itayazoa haya, na kesho litakuwa tupu, limeshafunikwa."

"Si neno, bibi. Mambo ya kizamani hayo, nani atayafuata?"

Hapo nikajua sukari ile ilikuwa na kazi gani. Nikaendelea kubeba. Naye akasimama, mikono kifuani, akingoja bahari imfanyie shughuli yake.

Shoga yangu alikuwa akianika mwani. Nilimsikia kabla sijamuona.

"Kikongwe weye! Si kesho ulonambia?"

"Beba kwanza, utukane baadaye."

"Nnabeba na nnatukana!"

Akajifunga kibwebwe, akabeba, na kweli alitukana, mimi kwanza na kijana baadaye. Tuliweka mawe ya mwisho maji yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Kijana alirudi kwa mgeni wake.

Njiani shoga yangu akasimama. "Yule ulimdhania, na umepatia. Mimi ulinidhania nini?"

"Mjukuu wako anataka kazi kule."

"Keshaipata. Anafua mashuka tangu Mfunguo Mosi. Na hiyo Jumatatu yako ya uongo niliificha kama amana. Hata yeye sikumwambia."

Sikumuomba radhi. Mwenye shimo ana haki ya kuchunga, na kama ningewaamini wote wawili, leo pangesimikwa nguzo za tiara pale alipofukia mama yangu. Shimo limejaa, na ni langu.

Bamvua hili, maji yalipokupwa mbali, nilimuona shoga yangu pwani akifukua lake, peke yake, mgongo umepinda. Siku hakunitajia. Nilishuka, nikachukua pakacha, nikabeba. Hakunikataza wala hakunikaribisha. Tulipomaliza nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nimesahau," akasema, akinawa mikono.

Tangu tukiwa wasichana sijamuona akisahau siku.