Ogola Achagua Fundi wa Magongo

Mwaka wa 1952, nyuma ya karakana moja ya mbao karibu na stesheni ya Nakuru, Ogola alichapwa viboko kumi na viwili. Mkewe Eucabeth, aliyekuwa amemletea chakula cha mchana, alisimama pale na bakuli mkononi mpaka cha mwisho. Patasi za msimamizi zilikuwa zimepotea. Micah, aliyeranda mbao meza moja naye tangu walipotoka Nyakach pamoja, ndiye aliyeapa kwamba alimwona Ogola akizificha katika gunia la maranda.

Wiki iliyofuata patasi zilionekana chini ya rundo la mbao, pale pale Micah alipozisahau. Micah akazipangusa, akazirudisha rafuni, akanyamaza. Mfagiaji ndiye aliyemletea Ogola habari hizo, lakini kazi ilikuwa imeshakwenda.

Baadaye aliajiriwa kutunza uwanja wa klabu ya kriketi ya wazungu. Alikata nyasi, akavuta rola nzito ya kusawazisha ardhi, na jioni akapaka magongo mafuta ya kitani. Ufundi haukumtoka mkononi. Kila gongo aliligonga kwa mpira mkuukuu, akatega sikio. Mbao njema ilijibu kwa sauti nzito, safi. Mbao mbovu ililia kama mtungi wenye ufa. Ogola akisema gongo limekufa, liliishia kuwa kuni za jikoni, wala hakuna mchezaji aliyebisha.

Mwaka wa 1957 magongo kutoka Uingereza yalichelewa mno. Bwana Pelham, katibu wa klabu, akaamua yatengenezwe papa hapa, kwa ule mti mweupe mwepesi ambao setla mmoja aliupanda kando ya mto huko Njoro. Mafundi wawili wakaja, kila mmoja na gongo lake. Wa kwanza alikuwa mzee Kimaiyo wa Rongai, seremala mpole wa milango na viti. Wa pili, ambaye sasa alikuwa na karakana yake mwenyewe, alikuwa Micah.

"Ogola," Bwana Pelham akasema kwa Kiswahili chake cha shambani, "wewe napiga hii mbili, halafu nasema fundi gani mzuri."

Ogola akaligonga la Kimaiyo. Sauti ilikuwa na majimaji. Mbao haikukaushwa vya kutosha. Akaligonga la Micah, na mlio wake ukamsisimua hadi kwenye viwiko. Hakuwahi kushika gongo kama lile. Alipoinua macho alimwona Micah akitabasamu, kama mtu ambaye ameshapewa kazi.

"Hili limekufa," Ogola akasema.

Tabasamu likamkauka Micah. "Omera, ndugu yangu, gonga tena."

Ogola akagonga tena, polepole, ili yeye na Micah wasikie vizuri. Tamu iliyoje, sauti ile! "Limekufa kabisa," akasema. "Bwana, mchukue mzee Kimaiyo."

Katika mechi na timu ya Eldoret, magongo matatu ya Kimaiyo yalipasuka kabla ya chai. Wazungu walimcheka mzee mbele ya watu, naye akainama kuokota vipande mwenyewe. Ogola akanyang'anywa kazi ya magongo, akaachiwa rola.

Jumatatu Micah alimfuata langoni. "Ulilisikia lile gongo."

"Nililisikia."

"Basi kwa nini, ndugu yangu?"

"Na wewe ulipoziona patasi, kwa nini?"

Micah akageuka, akaondoka zake. Ogola alivuta rola siku hiyo kama mtu anayevuta kigari cha mtoto.

Kilichomkera ni aibu aliyomletea Kimaiyo. Jumamosi alikwenda Rongai, akamkuta mzee akipanga mbao juani, akijilaumu kwa kutozikausha. Ogola akamweleza kila kitu.

Kimaiyo akasikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "ulimtafutia mtu jiwe la kumpiga, ukaniokota mimi."

"Nisamehe, mzee."

"Toka kwangu."

Ogola akatoka. Njia nzima kurudi mjini alijilaani kwa ajili ya yule mzee. Kwa ajili ya Micah hakujilaani hata hatua moja, na mwaka ambao Micah alifunga karakana yake akahamia Kampala, Ogola alimwambia Eucabeth achinje kuku.